Saikloni ya inchi 10 inatoa mchanga juu: ninunue ndogo au niongeze presha?

Kinu_Lupa aliandika:

Habari za humu wakubwa kwa wadogo. Wazee wangu shikamooni.

Niko Chunya, ni msimamizi wa zamu kwenye plenti ya kuchenjua dhahabu, nina miezi minane hapa. Bolmili yetu (kinu cha mipira ya chuma) ni moja, inakula tani 8 kwa saa, mawe yetu ni ya kwatzi. Tope likitoka kinuni linaangukia kwenye sampu (tangi dogo la kukusanyia), pampu inalipandisha kwenye saikloni, yaani koni inayozungusha tope kutenganisha laini na nzito, ya inchi 10 (milimita 250). Laini inatoka juu kwenda matangi ya karboni, nzito inatoka chini na kurudi kinuni. Ndivyo inavyotakiwa. Sasa hivi mchanga nao unapanda juu.

Wiki iliyopita tulilazimika kumwaga tangi la kwanza kwa sababu mota ya kichanganyio ilikuwa inajizima kila baada ya saa chache. Tukakuta mchanga umejaa chini hadi karibu na mabawa. Niliusugua kati ya vidole nikiwa na glovu, unakwaruza kama chumvi ya mawe. Vijana sita wameuchota kwa siku mbili. Nikachukua sampuli ya ovaflo, yaani tope linalotoka juu, nikaichekecha kwenye ungo wa mikroni 75 (milimita 0.075): kinachopita ni asilimia 58. Meneja anataka 80.

Mengine niliyoyaona: geji ya presha inacheza, mara 20 mara 80 kPa, haitulii. Andaflo, yaani tope linalotoka chini, inatoka kama kamba nene iliyonyooka. Spigoti, mdomo wa chini wa saikloni, ni ya milimita 38. Iliwekwa kabla sijafika, baada ya ile ya zamani kulika. Aliyeiuza alisema chini kukitoka kizito ndiyo dalili kwamba saikloni inafanya kazi.

Mezani kuna mapendekezo mawili. La kwanza, kununua saikloni nne za inchi 4 kwa sababu ndogo zinakata laini zaidi. La pili, kubadili puli ya pampu ili presha ipande. Yote mawili ni pesa, na bosi anataka jibu Ijumaa. Naombeni msaada, maana lawama za tangi lile zimeishia kwenye zamu yangu.

---

FundiMikanda aliandika:

Badili puli mdogo wangu. Saikloni inaishi kwa presha. Mzunguko ukiwa wa nguvu, mchanga unabanwa ukutani na kushuka. Sisi huku Kahama tulikuwa na shida kama hiyo, tukaongeza mizunguko ya pampu, ikakaa sawa. Puli si bei ya kukutoa jasho ukilinganisha na saikloni nne.

---

Mzee_wa_Vinu aliandika:

Marahaba Kinu_Lupa. Pole kwa tangi, kuchota mchanga uliolala na sianidi ni kazi ya kumkondesha mtu.

Fundi ametoa alichokiona kwake na simpingi, huenda pampu yao ilikuwa imechoka. Ila kwako, puli ingoje kwanza. Presha ni mkono dhaifu kwenye saikloni. Ukiizidisha mara mbili, ukataji, yaani ukubwa wa punje ulio mpaka kati ya kwenda juu na kwenda chini, unashuka kwa asilimia 18 hivi tu. Kupata presha hiyo unahitaji mtiririko mara 1.4, na umeme wa pampu karibu mara 2.8. Mpira wa ndani nao utalika mbio. Kwa nguvu yote hiyo unanunua asilimia 18.

Umeandika neno moja ambalo lingenifanya niamke usiku nije huko: kamba.

Andaflo ya saikloni yenye afya inatoka kama mwavuli uliofunguliwa nusu, pembe ya nyuzi 20 hadi 30 hivi. Simama pembeni na tochi, uumulike katikati: utaona tundu, ni wazi. Hapo ndipo hewa inapoingia na kupanda katikati ya saikloni yote hadi juu, nguzo nyembamba ya hewa, na tope linaizunguka. Nguzo hiyo ikiwepo, mzunguko uko hai. Spigoti ikizidiwa na mchanga, tundu linaziba, hewa haingii, nguzo inakufa. Andaflo inakuwa kamba. Mchanga unaendelea kuingia kwenye saikloni, chini hapapitiki, na njia iliyobaki ni moja tu. Ndio huo ulioukuta kwenye tangi.

Aliyewaambia kwamba kizito chini ndiyo kazi amewapa nusu ya habari. Kizito ni kizuri mpaka pale mwavuli unapofunga. Ukivuka hapo kidogo tu, umeshapoteza.

Lakini usikate shauri kwa maneno yangu, mimi sijaiona saikloni yako. Pima. Huhitaji maabara. Tafuta chombo cha lita moja kamili na mizani ya jikoni ya dijitali. Chukua tope sehemu tatu: linaloingia saikloni, linalotoka juu, linalotoka chini. Kata mkondo wote kwa chombo, kutoka ukingo hadi ukingo. Ukichota pembeni umejidanganya. Pima uzito wa lita kila sehemu, mara tano ndani ya saa moja, kisha tafuta wastani. Niletee namba tatu.

Halafu nenda kaangalie bomba la ovaflo linashuka vipi. Kuna plenti niliyofanya kazi zamani, tulihamisha matangi chini ya kilima, na bomba la juu likashushwa moja kwa moja karibu mita nane bila tundu la hewa. Tope likishuka linavuta kama mtu anayenyonya mafuta kwa mpira. Wiki tatu mchanga ulipanda juu, tukabadilisha kila kitu ndani ya saikloni, mpaka fundi wa bomba mmoja akatuuliza mbona bomba linapiga mluzi. Tukatoboa tundu la kupumulia pale juu kwenye kona. Siku hiyo hiyo ikaisha.

---

MamaMatone_Naivasha aliandika:

Hamjambo ndugu. Mimi si mtu wa dhahabu, nasimamia maji kwenye shamba la maua, lakini kifaa ni kile kile. Maji ya kisima yanapita kwenye haidrosaikloni kwanza ili mchanga ushuke, ndipo yaende kwenye filta za diski na mipira ya matone.

Yetu ina chungu cha kukusanyia mchanga pale chini. Kijana akisahau kukifungua na kikajaa, mchanga hauna pa kwenda, unarudi juu na maji, na kufikia jioni filta zimeziba. Niliposoma kuhusu kamba nikaona ni jambo lile lile: mlango wa chini umefungwa.

Na hilo la kubadilisha ukubwa, mtulie kabla hamjatoa pesa. Sisi tulinunuliwa kubwa kuliko maji tuliyonayo, tukidhani kubwa itabeba zaidi. Mtiririko ukawa mdogo mno kwake, maji yanazunguka kwa uvivu. Geji ya kuingilia na ya kutokea zilikuwa zinasoma karibu sawa, na hiyo tofauti ndiyo inayokuonyesha kama kuna mzunguko. Tulirudi kwenye ndogo mbili: msimu wa maji machache tunafunga moja.

---

Mzee_wa_Vinu aliandika:

Asante sana Mama Matone, mfano wa chungu nitautumia nikifundisha vijana. Na kwa kweli ninyi wa maji ndio wenye kifaa: hataza ya Marekani ya mwaka 1891, ya Bretney, ilikuwa ya kusafisha maji. Watu wa madini tulikuja kukizoea miongo kadhaa baadaye.

---

Kinu_Lupa aliandika:

Mzee wangu, nimepima. Nilianza saa nne asubuhi, kinu kikiwa kimetulia. Wastani wa lita moja:

Linaloingia: kilo 1.55
Linalotoka juu: kilo 1.30
Linalotoka chini: kilo 1.98

Bomba la juu lina tundu la hewa, nimeweka karatasi ya nailoni pale ikavutwa, yaani hewa inaingia, kwa hiyo bomba halinyonyi saikloni. Nilimulika andaflo kwa tochi: hakuna tundu hata la sindano. Kamba tupu.

Kuhusu geji nimegundua jambo. Sampu ni ndogo na maji yanafunguliwa kwa mkono. Yakipungua, pampu inameza hewa, inakoroma, geji inashuka hadi 20. Kijana akisikia mkoromo anafungua maji yote, geji inapanda hadi 80. Inakwenda hivyo mchana kutwa. Wastani ni kama 50.

---

Mzee_wa_Vinu aliandika:

Umefanya kazi ya watu wazima. Sasa tukae na namba zako, uone mwenyewe zinavyosema.

Kwatzi nachukua uzito wa 2.7. Kupata asilimia ya mawe ndani ya tope: toa 1 kwenye uzito wa lita, zidisha kwa 2.7, kisha gawa kwa uzito wa lita uliozidishwa kwa 1.7. Linaloingia ni asilimia 56, la juu asilimia 37, la chini karibu 79.

Hatua ya pili, maji kwa kila tani ya mawe: linaloingia tani 0.77, la juu 1.73, la chini 0.27. Toa linaloingia kwenye la juu: 0.96. Toa la chini kwenye linaloingia: 0.50. Gawa ya kwanza kwa ya pili, unapata 1.9. Maana yake, kwa kila tani inayokwenda kwenye matangi, tani 1.9 inarudi kinuni. Kinu chako kinakula tani 8 kwa saa, kwa hiyo spigoti inapitisha tani 15 hivi kwa saa.

Hapa sikiliza vizuri. Spigoti ya milimita 38, kwa tope zito namna hiyo na kamba uliyoiona, imefika ukomo wake. Haiwezi kupitisha hata debe moja zaidi. Kila mchanga wa ziada unaotoka kinuni unalazimika kupanda juu.

Je, saikloni ya inchi 10 ni kubwa mno? Tupige hesabu ya Arterburn, ya kukadiria ukataji wa saikloni. Kipenyo kwa sentimita, 25, kipandishwe kwa kipeo cha 0.66, zidisha kwa 2.84: karibu mikroni 24. Huo ni ukataji wake kwa tope jepesi sana. Lako si jepesi, mawe yanachukua asilimia 32 ya ujazo, na unene huo peke yake unazidisha ukataji mara 3.9. Ukiingiza presha ya 50 kPa na uzito wa kwatzi, unafika karibu mikroni 100. Gawa kwa 1.25, kigawo cha hesabu hiyo kwa asilimia 80, na asilimia 80 ya kinachotoka juu ilitakiwa ipite mikroni 80. Hapo ni mlangoni kabisa pa anachotaka meneja wako. Kimaumbile, saikloni uliyonayo inatosha.

Zile za inchi 4, kwa tope hilo hilo, zingekata karibu mikroni 54. Ungekuwa unarudisha kinuni punje zilizokwisha kusagwa za kutosha, kinu kinakula umeme na mipira ya chuma bure. Na spigoti zake ni nyembamba, kipande kimoja cha chuma kilichovunjika kinaziba. Ndogo nne, mikesha minne.

Fanya haya. Weka spigoti ya milimita 50, hiyo inapitisha zaidi kwa tope kama lako. Kama wanayo ya keramiki ya silikoni kabaidi ichukue hata ikiwa ghali, ya mpira itakulazimu uipime kila wiki. Halafu fanya usawa wa sampu utulie: weka boya linalofungua vali ya maji lenyewe, kama lile la tangi la nyumbani ila kubwa. Hicho kijana anachofanya na vali ni kuinua na kushusha ukataji mara kumi kwa saa, na hakuna spigoti itakayokuokoa na hilo.

Kupima kulika, mimi nilichonga koni ya mninga, ndefu kama mkono, nikaichora mistari kila milimita ya kipenyo. Pampu ikisimama unaisukuma kwenye spigoti kutoka chini, unasoma mstari. Dakika mbili. Spigoti ya 50 ikifika 56 itaanza kumwaga maji na laini nyingi chini, mwavuli utakuwa mpana kama sketi, hapo badilisha.

---

FundiMikanda aliandika:

Nimeelewa Mzee. Narudisha neno langu la puli. Sisi tulipoongeza mizunguko tulikuwa tumebadili na spigoti siku hiyo hiyo, na sifa tukaipa pampu. Kinu_Lupa, boya ukilikosa nitumie ujumbe, nina mchoro wa tulilotengeneza kwa ndoo ya lita 20.

---

Kinu_Lupa aliandika (siku tisa baadaye):

Wazee wangu, nimerudi na majibu.

Spigoti ya 50 ilifika Jumanne, ya keramiki. Boya tumelitengeneza wenyewe kwa mchoro wa Kaka Fundi, Mungu ambariki. Jumatano saa tisa alasiri tukawasha. Nilikuwa nimesimama chini na tochi. Dakika ya kwanza ilitoka kamba, moyo ukashuka. Halafu ikatetemeka, ikafunguka, ikawa mwavuli, na katikati nikaona giza la lile tundu. Vijana wa zamu walipiga makofi, na mimi nilipiga pia.

Namba za jana, wastani wa mara tano: linaloingia kilo 1.55 vile vile, la juu 1.28, la chini 1.88. Nimepiga hesabu kwa njia yako nikapata mzunguko wa 2.6, kwa hiyo zinarudi kinuni tani 21 hivi kwa saa badala ya 15. Geji inakaa kati ya 45 na 55. Ungo wa mikroni 75: asilimia 77 inapita. Bado 3, lakini meneja amenipa mkono, na habari ya saikloni nne imekufa.

Nina swali la mwisho. Mwendesha kinu anasema tangu tubadilishe, dhahabu inayokwenda kwenye matangi imepungua kwenye vipimo vya ovaflo vya asubuhi. Bosi ameanza kuniangalia kwa jicho lingine. Imekwenda wapi?

---

Mzee_wa_Vinu aliandika:

Hongera mwanangu. Hizo 3 zilizobaki ongeza maji kidogo tu kwenye sampu, tope linaloingia lishuke kutoka 1.55 hadi 1.52 hivi, upime tena.

Dhahabu iko kinuni. Saikloni haitazami ukubwa peke yake, inatazama na uzito. Kwatzi ni 2.7, dhahabu ni 19.3. Ukitoa uzito wa maji, yaani 1, pande zote mbili na kupiga kwa kanuni ya Stokes, ya kasi ya punje kuzama majini, punje ya dhahabu ya mikroni 30 inakimbilia ukutani sawa na punje ya kwatzi ya mikroni 100. Yaani saikloni inayokata mchanga kwa 100, dhahabu inaikata kwa 30. Zamani spigoti ilikuwa imeziba, kwa hiyo dhahabu nene ilikuwa inasukumwa juu pamoja na mchanga, na nyingi ililala kwenye ule mchanga mliouchota. Natumaini hamjautupa. Sasa inashuka inavyotakiwa, inazunguka, na inajikusanya nyuma ya sahani za ukuta wa kinu.

Mwambie bosi hivyo, na umwonyeshe kwa macho. Chukua ndoo moja ya andaflo, ichekeche kupata inayopita milimita 1, uipepete kwenye karai mbele yake. Akiona mkia wa njano, mwombe mtego wa kutenganisha kwa uzito, sentrifuji ndogo, upitishe theluthi moja ya andaflo kabla haijarudi kinuni. Wakati mnangoja, kinu kisifunguliwe bila yeye kuwepo, na kila mabadiliko ya sahani muoshe ukuta na mkusanye kila kilichobaki.

---

Kinu_Lupa aliandika:

Mchanga wa tangi hatukuutupa Mzee, uko nyuma ya stoo umefunikwa na turubai. Nimepeleka sampuli tatu zake maabara leo mchana. Karai la andaflo tunapepeta kesho saa mbili asubuhi, bosi amesema atakuja.

---

MamaMatone_Naivasha aliandika:

Kinu_Lupa, ukishapepeta utuambie. Na mimi kesho naanza kuchonga ile koni, spigoti zetu hakuna aliyewahi kuzipima tangu shamba lifunguliwe.